Ukoo wa Pongwe 🌴 (watu 31)

Dada Rehema, 19:42
Asalaam alaykum. Mmesoma tangu asubuhi, mmenyamaza. Narudia. Salma anafanyiwa opareshini ya tumbo ya kupunguza uzito tarehe 18. Bado milioni 3. Nani katoa, nani bado?

Juma, 19:44
Wanakata vitambi? Niandikeni na mimi 😂

Dada Rehema, 19:45
Juma, si kitambi. Hawakati mafuta, wanakata mfuko wa chakula wenyewe. Mwajuma hebu waelezee, we ndo nesi.

Mwajuma, 19:51
Wanatoboa vitundu vidogo, wanapitisha kamera, wanatoa kama asilimia 75 mpaka 80 ya tumbo. Linalobaki jembamba kama ndizi. Utumbo hauguswi. Na ile sehemu inayotolewa ndiyo hasa inayotengeneza homoni ya njaa, kwa hiyo hata hamu ya kula inapungua.

Juma, 19:52
Ndizi gani sasa? Kisukari au mzuzu? Maana tofauti ni kubwa

Shemeji Idd, 19:52
Mkono wa tembo 😂😂😂

Dada Rehema, 19:53
Jamani!!

Kaka Bakari, 20:02
Kwani puto la tumboni kama lile la hospitali ya Mloganzila halitoshi? Linapitishwa mdomoni, hakuna kisu.

Mwajuma, 20:06
Puto linatolewa baada ya miezi, na kwa wengi uzito unarudi. Salma ana kilo 115 kwa urefu wa mita 1.60, BMI yake (uzito ukipimwa kwa urefu) 45, juu yake sukari na presha. Ila mjue kabisa, kikishakatwa hakirudishwi. Panapobanwa kwa pini panaweza kuvuja, kiungulia kinaweza kuzidi, na vidonge vya vitamini ni maisha yote. Daktari kamwambia yote hayo.

Kaka Bakari, 20:09
Sawa. Hela inapita kwa nani?

Dada Rehema, 20:09
Kwangu, kama kawaida.

Kaka Bakari, 20:10
Kama kawaida ya bati?

Dada Rehema, 20:10
Bakari tusianze.

Kaka Bakari, 20:11
Sianzi. Zilinunuliwa 40, juu ya nyumba zipo 26. Nauliza tu.

Dada Rehema, 20:11
Risiti nilimpa Idd!

Shemeji Idd, 20:12
Mimi??

Juma, 20:12
Bati nazo zilikatwa tumbo 😂

Shangazi Halima, 20:17
Mimi kisu sikitaki. Mtoto apunguze kula. Afunge Jumatatu na Alhamisi, mbona wenzake wanakonda.

Salma, 20:19
Shangazi, Ramadhani sijaacha tangu nina miaka 12. Mwaka jana nilipungua kilo 11, zikarudi 14. Nguo za Idi nilishonesha mara mbili.

Mama Mkubwa, 20:31
Namwandikia mimi Nuru, yeye anasema hivi: Mama yenu nilimwosha kwa mikono yangu hii. Alikuwa na mguu mmoja. Ni sukari hiyo hiyo. Sitaki kuitwa kuosha tena. Na wewe Bakari, bati zilikuwa za nyumba yangu, nilishasamehe. Basi.

Juma, 21:14
Nisamehe Mama Mkubwa. Natuma laki moja.

Kaka Bakari, 21:20
Natuma na mimi. Kwa Salma mwenyewe, moja kwa moja.

Dada Rehema, 21:21
Haya tuma kwake, nakili namba asije akapata mtu mwingine. Bado mambo mawili. Nani analala naye hospitali? Na akitoka, wiki mbili za mwanzo ni vya maji tu, supu iliyochujwa, uji mwepesi, kisha vya kusagwa. Ile blenda ya Mama Mkubwa iko kwa nani?

Mwajuma, 21:25
Mimi wiki hiyo niko zamu ya usiku. Mchana naweza kupita.

Dada Rehema, 21:26
Shangazi Halima?

Dada Rehema, 21:48
Shangazi?

Shangazi Halima, 22:03
Tarehe 19 kuna arobaini ya Mzee Shabani, siwezi kukosa. Labda usiku wa 20, nitaangalia.

Shemeji Idd, 22:10
Blenda iko kwangu. Jagi lina ufa.

Salma, 22:11
Ufa wa wapi? Chini au juu?

Shemeji Idd, 22:40
Chini 🙈

Mjomba Athumani, 05:58
Waalaykum salaam. Salma yupi huyo, wa Muheza au wa Korogwe?