Mrejesho: kabureta iliyokuwa ikivuja petroli

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini kabureta ya pikipiki yangu ya zamani ilidondosha petroli kupitia mpira wa chini kila nilipoiegesha bila kufunga koki ya tangi. Mlioniambia nianze na sindano ya boya (kijisindano kinachosukumwa na boya, yaani kielea kilicho ndani ya kabureta, ili kuziba petroli ikishafika kiasi chake) mlilenga penyewe. Fundi mmoja hapa Jinja alipofungua bakuli la chini ya kabureta linalohifadhi petroli, tuliona ncha ya sindano imelika na kufanya mfuo mwembamba wa duara mahali inapokalia kiti chake, yaani tundu inaloliziba, hivyo petroli iliendelea kupita hata boya lilipokwisha kupanda. Boya lenyewe tulilitikisa sikioni, nalo halikuwa na petroli ndani, yaani halikuwa limetoboka. Tuliweka sindano mpya na kusafisha kiti kwa kitambaa laini, kwa sababu msasa ungekikwaruza. Uvujaji umekoma kabisa, nami nawashukuru kwa dhati.