Mdudu huyu kwenye vidaka ni mbu wa mikorosho au ni nani?

Mnazi_Wete: Asalam aleykum jamani. Minazi yangu inapukutisha vidaka, nikiviokota vina madoa meusi yaliyozama na gundi imegandia. Kwenye upunga nimekamata mdudu wa kahawia nyekundu, papasi ndefu, ukimshika ananuka. Bwana shamba kaniambia ni mbu wa mikorosho kahamia mnazini. Picha hiyo hapo.

binti_Makunduchi: Waaleykum salaam. Picha haitoshi kaka, chukua lenzi umuangalie ncha ya bawa la juu pale palipo laini kama nailoni. Mbu wa mikorosho ni Helopeltis, familia ya Miridae, hao pale wana vijumba kimoja au viwili tu vilivyozungushiwa mshipa, halafu yeye ana kijiti kama pini kimesimama mgongoni, huwezi kumkosea. Ukiona mishipa mingi inakwenda sambamba, na utosini vijicho vidogo viwili mbali na macho yenyewe, hiyo ni Coreidae, na kwenye mnazi huku kwetu namshuku Pseudotheraptus wayi.

Mnazi_Wete: Mishipa tele, pini hakuna, vijicho vipo. Sasa hilo jina mbona silisikii popote?

Mzee_wa_Bungi: Jenasi yenyewe ndogo sana kijana, na sifa zake zimeanzia hapa hapa. Way, mtaalamu wa wadudu, alimfanyia utafiti Zanzibar, 1953 akamuandika kwenye jenasi ya Theraptus tu bila jina la spishi, mpaka 1955 mtaalamu mwenziwe Brown akaona hakai humo akamfungulia jenasi yake na spishi akaipa jina la Way. Nduguye devastans yuko Afrika Magharibi, yule hata muhogo anaudunga. Tafuta dume umtie kwenye spiriti na kikaratasi cha penseli, mahali, tarehe na mti, maana wadudu wa aina hii wanaofanana hutenganishwa kwa sehemu za uzazi za dume. Na nakuomba sana usipige dawa kabla hujatazama majimoto, wale chungu wa mitini, hao ndio wanaomuwinda, Way mwenyewe aliliona hilo.

Mnazi_Wete: Shukran mzee. Wenye majimoto ni ule wa mpakani tu, na kweli vidaka vyake vimeshika. Nikifunga kamba kutoka ule kwenda wa pili watavuka?

Mzee_wa_Bungi: Watavuka, ila angalia kwanza shinani, kukiwa na wale chungu wadogo wa ardhini wenye vichwa vikubwa watawapiga vita majimoto mpaka wahame. Anza na mnazi ambao chini hawapo.