Naombeni ushauri: darasa letu la Jumamosi la kutengeneza thimu za WordPress linanifia mkononi

Kijana wa Igoma
Wakuu salaam. Naandika kichwa kimechoka, mtanivumilia nikirukaruka.

Mimi ni mtengeneza tovuti, niko Mwanza. Tangu mwezi wa pili nilianzisha mkutano wa kila Jumamosi saa nne mpaka saa nane, tunakaa kwenye darasa la shule moja ambalo nimeruhusiwa kulitumia wikiendi, mtu haji na hela anakuja na laptopu yake tu, tunajifunza kutengeneza thimu, yaani muonekano wa tovuti, ya WordPress, ile programu ya kuendeshea tovuti, kuanzia folda tupu. Sio ile ya kupakua thimu ya mtu ukabadilisha rangi na logo halafu unamwambia mteja nimekutengenezea tovuti. Unafungua folda, unaandika style.css, unaandika index.php, hizo faili mbili tu WordPress inaitambua thimu yako, na siku mtu anaiwasha anaona ukurasa mweupe umesimama kwa kazi yake aisee furaha yake huwezi kuielezea. Kuna mama mmoja wa makamo alitoa machozi siku hiyo. Ndo maana nafanya hii kitu.

Siku ya kwanza walikuja 26. Wiki ya tano 19. Sa hivi tuko 7, na Jumamosi iliyopita walikuja 4, mmoja wao alifuata chaja aliyoisahau.

Mikutano ya hivi mnaiendeshaje mpaka watu wasipungue? Nimefikiria kuanzia mwezi ujao niweke ada ya 15,000 kwa mwezi na kila mtu asaini fomu, ili ajione ana wajibu. Fomu nimeshachapa nakala 40. Naombeni mawazo.

kitunguu maji
Mkuu tatizo lako nalijua, ni siku ya kwanza. XAMPP, ile programu inayoigeuza laptopu kuwa seva ya kujaribia tovuti, peke yake ni zaidi ya MB 100, ukiwaambia watu 26 waipakue darasani kwa hotspoti ya simu yako siku imekufa hapohapo. Sisi tulifanya hivyo Dodoma, kuanzia saa nne mpaka saa saba tunaangalia kamstari kanatembea. Weka XAMPP na zipu ya WordPress kwenye flashi tano zizunguke darasani. Halafu usifundishe chochote mpaka Apache, ile seva iliyo ndani ya XAMPP, iwake kwa kila mtu, kuna laptopu unakuta programu nyingine imeshakalia poti 80, mlango ambao Apache inautaka, mtu anaona maandishi mekundu anadhani kompyuta imekufa, anaona aibu kuuliza, Jumamosi inayofuata humwoni. Unabadilisha inakuwa 8080 mambo yanaendelea. Na soketi je? Darasa la shule linakuwaga na soketi mbili, moja imeungua. Nunua ekstensheni za maana.

Mama Wawili
Mwanangu hapo mnaongelea waya tu. Jumamosi saa nne ni saa ya kufua, ya soko na ya vikoba, nani atamuachia nani watoto? Mimi mwaka 2009 nilijiandikisha kozi ya ushonaji, nilikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kuacha, mwalimu akaniita mvivu mbele za watu, hakuuliza kama nina mtoto wa miezi saba mgongoni. Mpaka leo cherehani ninayo ndani imefunikwa kitambaa. Waulize kina mama wako muda gani wanaweza, usiwapangie.

Msomaji wa kodi
Wengine wote wanazunguka, tatizo ni unachofundisha. WordPress 5.8 mwaka 2021 imeleta theme.json, faili moja la mipangilio ya thimu, na 5.9 Januari 2022 ikaja na thimu za bloku, zinazopangwa kwa vipande, pamoja na thimu ya Twenty Twenty-Two. Rangi, fonti na nafasi vyote unaviandika sehemu moja, templeti zenyewe ni HTML, mtu anaona matokeo siku ileile. Wewe bado unawavusha watu kwenye lupu ya PHP, ile kodi inayozunguka kuchota makala, ndo waone kichwa cha habari kimoja! Na mwenye laptopu dhaifu mfungulie WordPress Playground, inakimbia ndani ya brauza, hakuna XAMPP wala poti 80.

kitunguu maji
Playground ndani ya brauza sawa, kwa bando la nani? Na tovuti za wateja huku mtaani nyingi bado ni thimu za zamani zenye header.php na footer.php, mtu asiyeijua hiyo lupu unayoidharau atazirekebishaje?

Msomaji wa kodi
Atajifunza akifika huko. Usimuanzishie mtoto kutembea kwa kumpandisha mlima.

Fundi wa Tabora
Mimi sio mtu wa kompyuta ila hili la watu kukimbia mafunzo nalijua. Nilijifunza ufundi gereji, mwaka na nusu sijashika spana, naosha vipuri kwa petroli na kufuata chapati za mafundi, wenzangu watano wakaondoka mmojammoja. Siku moja ikaja Corolla imechemsha, silinda hedi imepinda, bosi akaniambia leo unafungua wewe. Usiku ule sikulala, narudia kichwani boliti ipi inatoka kwanza. Toka hapo hata angenifukuza nisingeondoka. Mtu mpe kazi ya kweli kijana, mazoezi ya kuigiza yanachosha.

Kijana wa Igoma
Fundi hapo umenigusa, maana ndo kitu nilichofanya, mwezi wa nne niliwapa kazi ya kweli kabisa na darasa lilichangamka, ni baadaye ndo wakapungua kabisa. Kitunguu, flashi nitanunua. Mama Wawili shikamoo, muda nitawauliza. Ila bado naona bila ada na fomu watu hawatulii.

Dada Makoroboi
Kazi ya kweli ya nani? Na hiyo fomu imeandikwa nini?

Kijana wa Igoma
Fomu ni ya kawaida tu dada, utaratibu wa darasa, muda wa kufika, kutunza vifaa.

Dada Makoroboi
Kaka nimeuliza maswali mawili umejibu nusu. Mtu hachapi nakala 40 kwa ajili ya muda wa kufika, muda wa kufika unaandikwa ubaoni.

Kijana wa Igoma
Sawa ngoja niseme.

Mwezi wa nne nilipata kazi ya tovuti ya lodge moja huku, milioni moja na laki mbili. Nikaigawa darasani kama mazoezi, kundi moja ukurasa wa vyumba, jingine picha, wengine upande wa simu. Sikuwaambia kuna mteja, nilisema tuchukulie kuna lodge. Walifanya kazi nzuri sana, nikakusanya, nikarekebisha sehemu nyingi tu, nikapeleka, nikalipwa. Baadaye wakajua. Fomu inasema kinachotengenezwa darasani ni mali ya darasa, ili isitokee tena kutokuelewana.

Lakini kabla hamjanirukia, chai na maandazi ya watu ishirini kila Jumamosi nani alinunua? Ekstensheni? Bando? Projekta ya kukodi? Kuna wiki nimetembea kwa miguu kutoka Nyakato kwa sababu nauli imeenda kwenye sukari. Na walijifunza, mtu aliyekuwa hajui hata mabano yanafungwa wapi sasa hivi anaandika templeti. Halafu WordPress ni ya leseni huria ya GPL, ni ya wote, sijaiba kitu cha mtu.

Mzee wa Kirumba
Kijana, dini inatufundisha mtu alipwe ujira wake kabla jasho halijakauka. Andazi sio ujira. Ukimwalika mtu kula halafu ukampa jembe akulimie shamba bila kumwambia ni shamba lako, umemfanya kibarua, na kibarua ana haki ya kujua bei kabla hajashika mpini.

Mjukuu wa Likoni
Mimi niko Mombasa na naona mnamhukumu kwa pupa. Mwanagenzi wa seremala hupiga randa kitanda cha mteja, si cha kwake, na hela huchukua fundi, ndivyo babu zetu walivyofunza kazi. Mbona huyu wa kompyuta awe mwizi? Ada aweke, kitu cha bure watu hukipuuza.

Fundi wa Tabora
Lakini mwanagenzi anajua kitanda ni cha mteja. Hata ile Corolla nilijua ni ya mwalimu fulani, nilikuwa namwona amekaa pale kwenye tairi anasubiri.

Jicho la Tatu
Wakuu mnachoshana bure, hii ni CHAI, hadithi ya kutunga. Angalieni wenyewe. Mtu anatembea kwa miguu hana nauli, wakati huohuo anakodi projekta. Aliwaambia tuchukulie kuna lodge, haya wamejuaje ipo kweli? Mwenye lodge alipita darasani na spika? Halafu linganisheni, 15,000 kwa mwezi ameitaja kwenye swali la kwanza kabisa na eneo ameshatuambia. Kesho utaona namba ya simu, karibuni darasani nafasi ni chache. Ni tangazo limevaa kilio.

kitunguu maji
Duh. Na mimi nimeandika gazeti zima la poti 80.

Mama Wawili
Hata kama ni tangazo, yule mama aliyelia jamani, sidhani kama mtu anaweza kumtunga.

Jicho la Tatu
Mama Wawili huyo ndo wa kwanza kutungwa, kila tangazo lina mama anayelia.

Dada Makoroboi
Mimi sisemi ni chai ila swali la Jicho limenikaa. Walijuaje?

Kijana wa Igoma
Nimekaa na hili swali toka saa mbili usiku, nimeandika nikafuta mara tatu.

Projekta niliikodi nilipolipwa, kabla ya hapo tulikuwa tunatumia ubao. Namba ya simu siweki, na mwenye uzi wa matangazo ataniambia kama nimewahi kuomba kuweka.

Walijua hivi. Wiki ya pili niliwafundisha kwamba juu kabisa ya style.css kuna maelezo, unaandika Theme Name, chini yake unaandika Author, hapo weka jina lako usione haya, wewe ndo mwandishi. Thimu ya lodge ilianzia kwenye folda ya yule mama, yule aliyetoa machozi, kwa sababu yake ndo ilikuwa imepangika vizuri kuliko zote, wengine wakaongezea juu yake. Siku ya kupeleka kazi kwa mteja nikafuta jina lake pale kwenye Author nikaandika langu.

Na ni mimi niliyewafundisha kwamba style.css ya karibu tovuti yoyote ya WordPress unaweza kuifungua kwenye brauza, unaandika anwani, wp-content, themes, jina la thimu, style.css. Jina la folda sikubadilisha. Siku moja mtoto wa dada yake akamwonyesha tovuti ya hiyo lodge kwenye simu, akauona mpangilio wake, akaandika anwani kama nilivyomfundisha. Akakuta jina langu. Lakini chini, kwenye mstari wa mia na kitu, kuna maoni aliyoandika kwa mkono wake ambayo sikuyaona, /* hapa pasiguswe, simu ndogo inakata maneno */.

Alinitumia skrinshoti mbili, ya juu na ya chini. Hakuandika neno hata moja. Jumamosi ile hakuja, na wiki iliyofuata hakuja mama hata mmoja.

Jicho la Tatu
Sawa. Hiyo ya mstari wa chini mtu hatungi. Neno langu la tangazo naliondoa, samahani mkuu.

Msomaji wa kodi
Mkuu na mimi naacha habari za theme.json. Hiyo GPL uliyojikinga nayo hebu isome. GPL toleo la 2 inakuruhusu kuuza nakala, hata ya kazi ya mwenzako, lakini inataka kila nakala iwe na tangazo la hakimiliki linalostahili. Wewe umefuta jina la mwenye kazi ukaweka lako. Na hata vikundi vya WordPress vilivyosajiliwa rasmi sharti lake ni viwe kwa faida ya jamii nzima sio biashara ya mtu mmoja, kwa hiyo fomu yako inakutoa hata huko. Mali ya darasa maana yake ni mali ya nani, wakati darasa ni wewe?

Mjukuu wa Likoni
Hapa kwa jina hata mimi simtetei. Randa ni ya mwanagenzi na fundi, lakini fundi hakwambii wewe hukuwepo.

Mzee wa Kirumba
Jina ni jina, na hela ni hela. Usimrudishie jina ukadhani umemaliza. Milioni moja na laki mbili, toa chai yako na projekta yako kwa hesabu ya wazi, kinachobaki waite wote mkigawe mezani.

Fundi wa Tabora
Sikumalizia ya Corolla. Yule mwalimu alipokuja kuchukua gari alimpa bosi mkono, bosi akasema mkono mpe huyu, mimi sijagusa. Hela alinipa elfu tano tu. Ninayoikumbuka ni hiyo ya mkono.

Kijana wa Igoma
Saa saba usiku hapa. Nimeingia kwenye tovuti ya lodge, nimerudisha jina lake kwenye Author, na chini yake nimeandika majina ya wengine wanane waliofanya. Hela imebaki 340,000, nyingine nimeitaja huko juu ilikoenda, na nyingine nililipa kodi ya chumba, hiyo nilikuwa sijaisema. Fomu bado ziko mezani. Nilitaka nimtumie skrinshoti ya jina lake lilivyorudi.

Dada Makoroboi
Usitume. Nenda kwake, mchana, na uende na hiyo hesabu imeandikwa kwenye karatasi pamoja na hiyo kodi ya chumba.

Mama Wawili
Na usiende saa nne.

Kijana wa Igoma
Ana genge la mboga, huwa anafunga saa kumi. Nitaenda saa kumi.

mgeni wa leo
Samahani wakuu ndo nimeuona huu uzi sasa hivi. Hilo darasa bado lipo? Mimi niko Buhongwa, laptopu ninayo ila betri imekufa, nitaomba nikae karibu na soketi.