Nani Alilia Mbele ya Watoto

Kikundi: NYUMBA YA KIBOKONI 🏠
Ijumaa usiku

Khalid: Asalam aleikum nyote. Nauliza swali na naomba mnijibu bila kunicheka. Kuna mtu mwengine humu ashawahi kulia kwa katuni ama ni mimi peke yangu

Salma: 😂😂😂😂

Khalid: nimesema bila kucheka

Fauz: weeeh Kaka Khalid umelia?? katuni gani

Khalid: Ile ya mzee na nyumba ya baluni, Up, ya 2009. Imran ndie alietaka. Mimi nimekaa pale na simu yangu naangalia bei ya tairi za tuktuk, mara nikasikia muziki umebadilika nikainua kichwa. Dakika nne hivi hakuna mtu asema neno. Kijana na msichana waoana, watengeza nyumba, wapaka rangi chumba cha mtoto, halafu wako kwa daktari mke ameinamisha kichwa. Basi. Hawakuelezea chochote. Halafu kile kibubu sasa, waweka pesa za safari yao, kila kikikaribia kujaa chavunjwa, leo tairi, kesho mguu, kesho kutwa mti umeangukia paa. Mpaka nywele zimekua nyeupe na safari haikwendwa. Wallahi nikaona ni mimi na mamake Imran na ile safari yetu ya Unguja tunayoisema tangu 2016

Zai: Mimi nimo humu kwenye kikundi ujue

Zai: Na hio safari bado naingoja

Salma: 🤣🤣 jamani

Khala Rukia: Aleikum salaam. Na mtoto mwenyewe alilia?

Khalid: Mtoto yuwangoja baluni Khala! Hapo ndipo nashangaa. Tumekaa kochi moja, bakuli moja la kachri, yeye yuwauliza nyumba itaruka lini na mimi naangalia maisha yangu yapita. Akanambia baba mbona macho mekundu nikamwambia vitunguu. Na hatukuwa twapika

Zai: Alikuja jikoni kuniuliza vitunguu viko wapi

Ami Seif: Katuni ni mambo ya watoto. Mtu mzima na ndevu zake akae alilie rangi. Enzi zetu sinema ilikuwa sinema.

Fauz: Shikamoo Ami. Si ni wewe Idi iliopita ulikaa na sisi mpaka mwisho ile ya samaki, Finding Nemo

Ami Seif: Marahaba. Nilikuwa naangalia kama bahari wameichora sawa.

Fauz: na wameichora sawa?

Ami Seif: Wameichora sawa.

Ami Seif: Nitasema ukweli, wale watu walikwenda wakaangalia. Ndugu wa yule samaki wa chungwa mwenye mistari myeupe namuona kila nikipeleka wageni kwenye matumbawe. Ndivyo alivyo, akaa ndani ya kile kidude chenye vidole vinavyowasha wenzake, yeye hakimdhuru, atoka mbio kidogo arudi. Kwa hio yule baba yake Nemo akisema usitoke nje usiende mbali hio si hadithi, hio ni tabia yake. Na yule aliemla mama mwanzo ni mzia, mzia ana meno yale yale. Lakini kuna kitu wamekificha. Kwa samaki hawa jike akifa, yule dume alieoana naye hugeuka yeye akawa jike. Kwa haki mama alipoliwa, baba angegeuka mama, muvi ingekuwa nyengine kabisa.

Fauz: 😭😭😭 NINI

Salma: Ami wacha uongo

Ami Seif: Uliza mtu yeyote wa bahari.

Khala Rukia: Seif! Watoto wasoma hizi simu!

Shemeji Bakari: Ami asema kweli, hata kwa sayansi iko hivyo. Na mimi nashukuru walikificha maana darasani kwangu singeweza kujibu maswali

Fauz: Mimi nadhani siri ya katuni kuwashika watoto na wakubwa pamoja ni zile utani za wakubwa wanazifichaficha ndani, mtoto apitwa mzazi acheka. Kama Shrek. Ndio maana mzazi hasinzii

Shemeji Bakari: Hapo Fauz tutakosana kidogo. Shrek ni kweli zimejaa, na ilichukua Oska ya kwanza kabisa ya katuni ndefu, filamu ya 2001 hio. Lakini utani peke yake ni kama kumpa mzazi peremende ili atulie mtoto akimaliza. Wamtaja nyota wa mwaka ule, tangazo la mwaka ule, baada ya miaka kumi hakuna alokumbuka walikuwa wamcheka nani. Kile kinachobaki ni pale mtoto na mzazi waangalia kitu kimoja kile kile na kila mmoja aona chake. Nikupe mfano wa huyo huyo samaki wa Ami. Yule baba asema alimuahidi mwanawe hatapatikana na jambo lolote. Yule samaki mwenzake msahaulifu akashangaa, ahadi gani hio, si basi hatapatikana na lolote maisha yake yote. Wanangu walicheka maana yule samaki kila akisema wao wacheka. Mimi nilinyamaza. Wiki ile ile nilikuwa nimemkatalia Nuru safari ya shule ya Shimba Hills kwa sababu ya barabara

Salma: alienda?

Shemeji Bakari: Alienda. Nilimpigia mwalimu wake simu mara sita lakini alienda

Khalid: 👏👏

Khala Rukia: Na msisahau pesa. Mtoto hana pesa ya tiketi. Mwenye kutoa ni mzazi na mzazi akitoka pale amesinzia hamrudishi mtoto mara ya pili. Mfanyabiashara yeyote ajua hivyo

Zai: Na nyumbani ni mbaya zaidi Khala. Mtoto ataka hio hio moja kila siku, mara thalathini, mara arobaini, mimi nasukuma chapati huku nasikia maneno yote mpaka nayajua kwa moyo. Ziko nyengine mwaipenda nyinyi mimi zanipa kichwa, kelele mwanzo mpaka mwisho, watu wakimbia waanguka wapiga mayowe, mtoto yuwacheka sawa lakini mimi mara ya tatu naficha rimoti

Fauz: zile ndo tamu sasa

Zai: We huna mtoto

Salma: Bi Mkubwa yuko hapa nimemsomea yote. Ataka kusema. Ngojeni voisi

Salma: 🎤 0:58

Fauz: Bando langu la kuunguza Dada, andika tu

Salma: Haya naandika. Asema hivi: "Hio ya mzee na baluni mimi nilioneshwa na Imran hapa hapa. Kizungu sikijui na nilielewa kuliko nyinyi wote, kwa sababu hakuna alosema kitu. Mke alikuwa na kiti chake karibu na cha mume, sasa kiti kimebaki kitupu. Hapo wataka nitafsiriwe nini? Na nyinyi mwaona kama mambo mapya. Mimi nikiwatolea hadithi hapo barazani paukwa, pakawa, mulikuwa mwacheka fisi kaanguka kisimani. Mama zenu walikuwa wakicheka kwa sababu wajua fisi ni nani hapa mtaani."

Khala Rukia: 😂😂 Fisi alikuwa jirani yule wa mlango wa kijani

Ami Seif: Rukia usianze.

Khala Rukia: Marehemu, Mungu amrehemu. Lakini alikuwa fisi

Salma: Bado yuwaendelea. Asema ile ya simba pia hakuipenda

Khalid: LION KING?? Bibi 💔

Salma: "Kwanza yule fisi waliemwita Shenzi, mbele ya watoto, ilipokuja ile kanda nilitaka kuizima. Mwamwita mtu shenzi halafu mwaimba."

Shemeji Bakari: Hahaha lakini hapo ndipo sisi tulifaidi kuliko Marekani nzima. Ile muvi ya 1994, wao wasikia majina mazuri ya Afrika, sisi twasikia simba aitwa Simba, ni kama paka umwite Paka. Ngiri aitwa Pumbaa na kweli amepumbaa. Mama yake Simba ni Sarabi, mazigazi yale ya barabarani jua likiwaka. Mtoto wa Mombasa wa miaka sita alikuwa akicheka mahali mtu mzima wa Chicago hacheki

Fauz: na yule nyani na ile asante sana squash banana wewe nugu mimi hapana 🤣

Salma: "Na la pili," (bado ni Bi Mkubwa) "kile kiwimbo cha hakuna matata. Mtoto babake kafa, kaambiwa ni makosa yake, kakimbia mji, mama kaachwa na dhalimu, yeye huko msituni ala wadudu asema hakuna matata. Matata yako! Nyumbani kwake! Mimi nina mtoto wa kiume aliekwenda hivyo, miaka minne hapigi simu."

Ami Seif: Mama nilikuwa meli.

Salma: Asema meli zina simu

Khalid: 💀💀💀

Shemeji Bakari: Lakini Bi Mkubwa ndie alieielewa kuliko sote!! Watoto waimba, na muvi yenyewe yajua kuwa kile kiwimbo ni uvivu na woga. Yule kijana asipokitupa harudi nyumbani. Mtoto hio hajaiona bado, akifika miaka thelathini ana madeni na simu za mamake hajazijibu ndio ataiona

Ami Seif: Na hayo maneno hawakuyaleta wao. Them Mushrooms waliyaimba kwenye Jambo Bwana 1982, watu wa huku huku, na sisi kwenye boti twaimbishwa na wageni mpaka leo.

Zai: Mimi ninacholia zaidi ni kwa nini nyingi si za Kiswahili. Wale wa Ubongo Kids wa Dar tangu 2014 wafanya, Imran hesabu alizijua kwa nyimbo zao. Ningetaka moja ndefu ya saa nzima na nusu, ya kwetu, Bi Mkubwa asikie maneno

Khala Rukia: Mimi niseme la dukani kwangu halafu nilale. Leso. Mtoto akija na mamake pale Biashara Street yeye huvuta ile yenye korosho kubwa na rangi ya kuwaka, aishika, ajifuta nayo uso. Mamake hageuki upande wa maua. Akunjua atafuta jina, yale maneno yalioandikwa kwenye leso, asoma, acheka peke yake ama anyamaza, saa nyengine asema hii niwekee nitakuja kuichukua mwenyewe ajua ampelekea nani. Na ni jozi ile ile moja. Sijamkatia mtoto maua nikamkatia mama maneno, ikikatwa hivyo haivaliki. Sasa zile muvi zenu za utani wa kufichaficha Fauz ni mtu amechukua kitambaa cha mtoto akakibandika jina juu

Shemeji Bakari: Khala hii naiiba nikaifundishe

Khala Rukia: Utanunua mbili

Khalid: Na ile ya mzee wa baluni ingekuwa na jina gani Khala

Khala Rukia: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Ninayo, ya bluu na nyekundu

Zai: Niwekee mimi hio. Niivae nikimsubiri Khalid na Unguja yake

Khalid: nimekoma

Salma: Basi kesho baada ya isha projekta kwa Fauz tutaning'iniza shuka uani. Twaangalia ipi? Mimi nasema ile ya roboti, The Wild Robot ya 2024, sauti ya roboti ni Lupita wetu. Roboti ameanguka juu ya kiota bila kukusudia, yai moja la bata bukini likabaki, kifaranga kikatoka, akakilea. Hajui kulea, ajifunza tu kama sote. Halafu baridi yaja na ndege lazima wahame, akamfundisha kuruka ili amuache

Khalid: Salma usinambie

Salma: Mimi nilifikiria siku tuliomsindikiza Jamal eapoti akienda Doha, Bi Mkubwa alivyomrekebisha kola mara tatu

Zai: Watoto wataipenda, wanyama wamejaa na wagombana sana

Khalid: Mimi nitakaa nyuma kabisa gizani. Na vitunguu nitaleta mwenyewe

Fauz: 🧅🧅🧅

Khala Rukia: Nitaleta viazi karai na ukwaju. Mtu alete mabuyu na mikeka. Bi Mkubwa awekewe kiti cha mgongo

Salma: Asema kiti chake kiwe karibu na Seif. Ataka kumuona usoni yule ndege akienda

Ami Seif: Mimi kesho nina safari ya boti.

Fauz: usiku Ami??

Ami Seif: Nitakuja. Nitaangalia kama ndege wamewachora sawa.

Khalid: ami seif mimi imran

Khalid: kwa nini baba yake nemo hakugeuka mama

Khala Rukia: SEIF

Zai: Khalid simu yako iko wapi??

Khalid: baba yuko bafuni. ami nijibu

Ami Seif: Nimelala.