Maji yakipungua mtoni nani akatwe kwanza?

Mfukunyuzi:
Wakuu salaam. Mto ni mmoja, kiangazi kikikaza maji hayatoshi, na wenye shida nayo ni wengi: kuna wa umwagiliaji, kuna mji unataka bombani yatoke, kuna bwawa la umeme, kuna wafugaji, halafu na mto wenyewe na samaki wake. Nikiuliza naambiwa binadamu kwanza mazingira baadaye, basi imeisha hiyo. Mwingine anasema pandisha bei tu, mwenye uwezo achukue. Mi zote mbili haziniingii akilini vizuri. Nyie mnaonaje, akatwe nani na kwa kipimo gani?

Bonde_la_Chini:
Mkuu hapo kwenye "binadamu kwanza" ndo watu wanapigwa changa la macho. Maji ya kunywa, kupika na kuoga ni kidogo sana, WHO wanasema lita 50 mpaka 100 kwa mtu kwa siku zinatosha mahitaji ya msingi. Ukiangalia dunia nzima, karibu asilimia 70 ya maji yanayochotwa mitoni na ardhini yanaenda kwenye kilimo. Kwahiyo ugomvi mara nyingi sio mama na ndoo yake dhidi ya samaki, ni shamba kubwa dhidi ya kila mtu aliyeko chini ya mto, ila mwenye shamba akiongea anajificha nyuma ya huyo mama.

Afrika Kusini sheria yao ya maji ya 1998 ilikata hivi: kwanza inatengwa akiba, na akiba ina mafungu mawili, la mahitaji ya msingi ya watu (walianzia lita 25 kwa mtu kwa siku) na la kuufanya mto ubaki mto. Yakishatoka hayo ndo wengine wote wanaingia kwenye foleni ya vibali. Sheria za Kenya na Tanzania nazo zina hiyo akiba, utekelezaji sasa ni habari nyingine 😅

Soko Huria:
Sawa lakini ukishatenga akiba kinachobaki utakigawaje? Kwa kujuana? Bei ina kazi yake jamani. Australia kwenye bonde la Murray-Darling waliweka kikomo cha kuchota miaka ya 90, kuanzia hapo ukitaka zaidi unanunua kwa mwenzio. Ule ukame wao mrefu ulipokuja, wakulima wa mpunga wengi waliacha kupanda msimu huo wakauza maji yao kwa wenye mizabibu na miti ya matunda, maana mpunga utapanda mwakani ila mti ukikauka umepoteza miaka. Hakuna afisa angeweza kupanga vile. Na serikali nayo ikaingia kununua haki za maji kwa ajili ya mto, yani mto una hisa zake kama mkulima mwingine.

Bonde_la_Chini:
Na bado samaki walikufa kwa mamia ya maelfu pale Menindee, kwenye bonde hilohilo la Murray-Darling, 2018 kuingia 2019, mto umesimama, maji yamejaa mwani, oksijeni hakuna. Halafu mbona Chile hujaigusia? Sheria yao ya 1981 ilizigeuza haki za maji kuwa mali ya mtu, unauza unavyotaka, matokeo yake kule Petorca mashamba ya parachichi ya kijani kibichi na vijiji vinaletewa maji kwa maboza. Mpaka 2022 ndo wakabadilisha sheria kuweka matumizi ya watu mbele. Soko sikatai, ila lianze baada ya akiba, na akiba isiguswe.

fundi_mifereji:
Mnagombana ila jambo moja mmeliruka, kwenye kibali usiandike lita kadhaa, andika sehemu ya mto. Mto Colorado kule Marekani mwaka 1922 waligawana kwa kiasi kamili, na miaka waliyotumia kupimia ilikuwa ya mvua nyingi, kwahiyo waligawa maji ambayo miaka mingi hayapo, leo mto huo kwa kawaida haufiki baharini. Ukiandika asilimia, mwaka mbaya wote mnapungukiwa pamoja.

Na msidanganyike na umwagiliaji wa matone. Mkulima akiokoa maji, kama hakuna anayembana anaongeza ekari, mto hauoni hata tone. Tena yale yaliyokuwa yanavuja mferejini mengine yalikuwa yanarudi mtoni kumsaidia wa chini.

Mfukunyuzi:
Nimewaelewa. Ila hilo fungu la mto mnalipimaje? Mtu si atasema samaki wanatosheka na dimbwi?

Bonde_la_Chini:
Sio kiasi tu, na majira. Samaki wengi wanasubiri mafuriko ndo wapande kuzaliana mabondeni, kwahiyo bwawa likiachia maji kidogo kidogo sawasawa mwaka mzima, kwenye hesabu umetimiza ila mazalia yamekufa. Unatakiwa uachie mengi kwa mkupuo msimu wake. Na hiyo ikolojia ni ajira za watu vilevile, muulize mvuvi wa Bahari ya Aral. Mito yake miwili ilianza kukamuliwa sana kwa ajili ya pamba miaka ya 1960, lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani, leo sehemu kubwa ni jangwa la chumvi na vumbi lake linaingia vifuani mwa watu. Pamba ilihesabiwa faida, viwanda vya samaki vilivyofungwa hakuna aliyeviweka kwenye hesabu hiyo.

fundi_mifereji:
Niongezee tu, yote haya bila kipimo kwenye kila banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, ni stori. Asipojulikana nani kachota kiasi gani usiku, mgawaji ni yule aliyeko juu ya mto. Anzeni na mita, mkimaliza ndo mbishane asilimia.

Soko Huria:
Kwenye mita tuko pamoja, huwezi kuuza kitu hujapima 😂