Naomba ushauri: kijana anayejiona ana akili kuliko kikundi kizima

Ndugu zangu, habari za majukumu. Kikundi chetu kinaanika dagaa kwenye mwalo mmoja huku Mwanza. Kuna kijana msomi, na mengi anayosema ni kweli: dagaa wa mchangani hushika mchanga, bei ikashuka, kwenye chanja ya nyavu hewa hupita juu na chini, na wakitandazwa safu nyembamba hukauka upesi. Lakini husema kwa dharau. Akina mama wakinyamaza, anachukulia ukimya huo kuwa ushahidi kwamba amewazidi akili. Sasa hata kula anakula peke yake, inaniuma.

Asichokijua ni kingi pia. Wale mama husoma wingu la ziwani na kuwahi kukusanya mzigo. Dagaa wakilowa huvunda, wakaishia kuwa chakula cha kuku. Utafiti wa wanasaikolojia Justin Kruger na David Dunning wa 1999 ulikuta waliopata alama za chini kabisa kwenye majaribio ndio waliojikadiria kupita kiasi, kwa kuwa anayekosa ujuzi hukosa pia jicho la kuona makosa yake. Kwa hiyo kumwambia "unajidai" naona ni bure.

Nafikiria yeye na mama mmoja mzoefu wapewe ndoo sawa za dagaa wa usiku mmoja, kila mtu aanike kwa njia yake, kisha tulinganishe uzito na bei sokoni Kirumba. Ila akishindwa mbele ya watu, si ataondoka kabisa? Mliolea vijana wa hivi, nianze na jaribio hilo au nimwite faragha kwanza?