Msaada wakuu: natengeneza fremu ya baiskeli kwa mkono, niunge kwa silva au shaba?

Kipanga_wa_Magharibi: Wakuu salaam. Naishi Uingereza, Birmingham, mwezi ujao naingia kozi ya karakana, wiki moja, unaingia na mabomba ya chuma unatoka na fremu yako. Sasa nimekwama, usingizi sipati. Nitumie lagi (vile vikombe vya chuma vinavyovikwa kwenye maungio ya mabomba) na silva, yaani fimbo ya kuungia yenye madini ya fedha, au niunge bomba kwa bomba kwa fimbo ya shaba ya njano bila lagi? Silva inayeyuka nyuzi 650 hivi, shaba inakaribia 900, mwalimu anataka jibu kabla ya Ijumaa.

Mama Pili: Mwanangu hela hiyo ungenunua tofali. Baiskeli zimejaa madukani.

Dereva_Mstaafu: Umenikumbusha Phoenix ya marehemu baba. Tulikuwa wafupi siti hatuifikii, unapitisha mguu chini ya bomba la juu unaendesha umejikunja ubavu, na dumu la maji kwenye keria. Ile chuma ilikuwa chuma.

Fundi_Spoku: Kwa mwanafunzi lagi na silva, joto dogo hutaunguza bomba. Ila baiskeli ni ya nani na itapita njia gani?

Kipanga_wa_Magharibi: Ya kawaida tu mkuu, ya kutembelea. Mabomba ni ya Reynolds, wa hapahapa Birmingham, wale walioleta bomba maarufu la 531 mwaka 1935.

Fundi_Spoku: Sijauliza mabomba. Nani anapanda?

Kipanga_wa_Magharibi: Haya. Ni ya mzee wangu, yuko Urambo, Tabora, itaenda na kontena la jamaa yangu. Anabebea gunia la mahindi kwenda mashineni, siku nyingine anampakia mama. Lakini jamani mabomba nimeshalipia, unene wa ukuta milimita 0.7 miishoni na 0.4 katikati, mepesi ajabu, na mzee umri umeenda, kusukuma chuma kizito kwenye mchanga si kumtesa?

Fundi_Spoku: Ndo maana nilikubana. 0.4 ni bomba la mtu mmoja kwenye lami, gunia likiegemea tu linabonyea. Mzigo wa keria unakula mabomba ya nyuma. Chukua bomba la milimita 1 mwanzo mpaka mwisho, uzito utaongezeka kidogo tu. Halafu ikipasuka kule ataipeleka kwa mchomeleaji wa umeme, kwenye 0.4 anatoboa tundu, kwenye milimita 1 walau ana pa kushika. Na ringi! Huko kwenu ni za 622, yaani kipenyo cha ringi kwa milimita pale tairi linapokaa, Phoenix na Hero ni 635, ndo tairi zinazouzwa gulioni. Ukipanga nafasi ya breki kwenye fremu kwa 622 mzee atasubiri tairi kutoka kwako.

Kijana_wa_Posta: Hii chai, leteni na maandazi. Mtu hajawahi kushika gesi atoke na fremu kwa wiki moja? Na kwa nini kaficha habari za mzee mpaka kabanwa? Kesho mtasikia kontena limekwama bandarini anaomba mchango.

Dereva_Mstaafu: Hata mimi nimeanza kusita.

Kipanga_wa_Magharibi: Siombi hela ya mtu. Nilienda siku ya majaribio. Unakata mdomo wa bomba kwa tupa ya nusu duara mpaka ukae kwenye bomba la shingo, unainua dirishani, ukiona mwanga unapenya unarudi kusugua. Unapaka flaksi, ile dawa ya kusafisha chuma ili silva ishike, ikishakuwa angavu kama kioo joto limefika, unagusisha fimbo na silva inakimbia yenyewe ndani ya lagi, inatokea upande wa pili mstari mwembamba. Habari za mzee sikusema kwa sababu nilijua mtaniambia nimnunulie Phoenix yaishe. Yeye ndiye aliyenipeleka shule na baiskeli miaka yote, nataka apande kitu nilichokishika mimi.

Kijana_wa_Posta: Mstari unaotokea upande wa pili huo, anayetunga hawezi kuujua. Nimekuelewa mkuu, samahani.

Mama Pili: Basi mtengenezee baba yako. Ila msikilize Fundi.

Kipanga_wa_Magharibi: Nimemwandikia mwalimu. Silva na lagi, bomba la chini na ya nyuma nabadilisha. La juu nabaki nalo, halibebi kitu.

Fundi_Spoku: La juu ndo atalifungia jembe na kumkalisha mjukuu. Badilisha yote. Na ringi hujanijibu.